Kitabu Kisichokwisha

Mara nyingi tumemwona mtu akipewa kitabu akakirudisha papo hapo, akisema, "Hiki nimekwisha kukisoma." Asemapo hivyo hudhani ametoa sababu ya kutosha, wala wenziwe hawamwulizi zaidi. Gunia la mahindi huisha. Deni huisha likilipwa. Safari ya kwenda Tabora huisha garimoshi likisimama na watu wakishusha mizigo yao. Lakini kiko kitabu ambacho mtu hukisoma hata ukurasa wa mwisho, akakifunga, akakiweka, na baada ya miaka saba akakitafuta tena kana kwamba kuna kitu alichokisahau ndani yake. Kitabu cha namna hiyo ndicho tutakachokizungumza leo.

Hatusemi kuwa vitabu vyote ni hivyo. Ratiba ya meli husomwa mara moja, na meli ikiisha kuondoka karatasi ile yafaa kufungia njugu. Kitabu cha hesabu, mwanafunzi akiisha kupanda darasa, humpa mdogo wake. Hata hadithi nyingi za wezi na wapelelezi, ambazo sisi wenyewe twazipenda, hufa siku mwizi ajulikanapo. Hakuna ubaya, zimefanya kazi yake. Walakini watu wengi hudhani kwamba mwenye kurudia kitabu kilekile hana kingine, au ana akili nzito, au ameshikwa na mazoea ya uzee. Tumewasikia hata walimu wakimwambia mtoto, "Acha hicho, umekwisha kukisoma, chukua kipya." Kwa maoni yetu mwalimu huyo angengoja kidogo, amwulize mtoto anatafuta nini mle.

Tutwae kwanza kitabu kinachojulikana na wengi waliosoma katika shule za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1885 Mwingereza aitwaye H. Rider Haggard alitoa hadithi ya watu watatu waliovuka jangwa na milima wakimtafuta ndugu aliyepotea, na pamoja naye almasi za kale. Mwaka 1929 hadithi hiyo ilitolewa kwa Kiswahili, mfasiri wake Frederick Johnson, ikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtoto wa miaka kumi na miwili akikisoma kitabu hicho hushika mambo matatu au manne: kiu ya jangwani, mfalme Twala mwenye jicho moja, bibi kizee Gagula wa kutisha, na lile jiwe kubwa lililoshuka likawafungia watu ndani ya pango. Usiku huogopa kutoka nje peke yake. Huyo amekisoma vizuri sana kwa umri wake, wala asichekwe.

Mtu yuleyule akikifungua tena akiwa na miaka thelathini hukuta maneno aliyoyaruka. Katika hadithi ile yumo Ignosi, aliyesafiri na wale wazungu kwa jina la Umbopa, akihesabiwa kuwa mtumishi, kumbe ndiye mwenye haki ya ufalme. Akiisha kukirudia kiti chake, na rafiki zake wakitaka kwenda kwao, Ignosi awaambia kwamba hatakubali mzungu mwingine avuke milima ile, wala hataki wachuuzi na bunduki zao na pombe zao. Mtoto hulipita neno hilo mbio, kwa kuwa almasi zimekwisha patikana na hadithi yaelekea mwisho. Mtu mzima husimama hapo. Hujiuliza almasi zile zilikuwa mali ya nani. Hujiuliza tena, mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Natal na Transvaal alikuwa na fikira gani moyoni alipomtia mfalme wa Kiafrika maneno hayo kinywani, na huku hadithi yenyewe yawashangilia waliotoka na almasi mifukoni. Hapo msomaji hakubali tena kila aambiwalo, na huenda akakasirika mahali alipocheka zamani.

Akifikia miaka sitini, labda hata almasi hazijali. Humtazama Quatermain, mzee mwenye kuisimulia habari ile, ambaye kabla ya kuondoka alipatana na mwenziwe tajiri kwamba yeye akifa njiani, mwanawe aliyekuwa akisomea uganga London alipwe fedha kila mwaka kwa muda wa miaka mitano. Ni jambo dogo lililosemwa mwanzoni kabisa, kabla ya tembo na kabla ya vita. Mwenye watoto wa kusomesha hulisoma polepole. Basi hapo pana wasomaji watatu, na wote watatu ni mtu mmoja. Karatasi ni zilezile na chapa ni ileile.

Kitabu hicho kiliandikwa Uingereza kikaletwa kwetu kwa Kiswahili. Sasa tutazame kingine kilichotungwa hapa pwani, tena na mama, kwa ajili ya msomaji mmoja tu.

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, aliishi Mwana Kupona binti Mshamu. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa mji wa Siyu, mtu aliyeshindana na utawala wa Seyyid Said wa Unguja kwa silaha, akafariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1858, Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa, naye alikuwa na binti aitwaye Mwana Hashima. Akaona huenda asipate siku za kumfundisha binti yake yote yampasayo mwanamke wa nyumba ile. Basi akatunga utenzi wa beti zipatazo 100, na mwanzo wake ni kumwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Ndani yake mna adabu kwa Mungu na Mtume, kwa baba na mama, na kwa mume. Mna namna ya kusema na watu, kuangalia nyumba, kujiweka safi na kujitia manukato. Mna habari za ndoa yake mwenyewe. Na mwisho mna dua ndefu kwa ajili ya watoto na jamaa na nafsi yake. Haukupita muda mrefu mama yule akafa.

Utenzi ule ulikuwa wa binti mmoja, lakini haukukaa sandukuni mwake. Ulinakiliwa, ukatoka nyumba hii ukaingia ile, wanawake wa Lamu na Pate wakaujua kwa moyo. Na hapa twaona vizuri kuliko mahali pengine popote namna maneno yaleyale yanavyogeuka mbele ya macho ya mtu yuleyule. Pana mahali ambapo Mwana Kupona amwagiza binti amwangalie mume kama aangaliwavyo mtoto mchanga ambaye hajapata ulimi. Bibi arusi akiyasikia hayo huona ni mzigo: atumike usiku na mchana, amtunze mtu mzima kwa chakula na kwa usingizi. Mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka ishirini huyasikia hayohayo akatabasamu, maana ajua kwamba katika nyumba yenye mtoto mchanga si mtoto aendeshaye mambo. Mjane naye hafikiri utumishi wala ujanja. Hukumbuka kwamba aliyeyatunga alikuwa mjane wa miaka miwili, akimsema mtu ambaye hayuko tena.

Wataalamu wa siku zetu wamebishana sana juu ya utenzi huu. Wengine wasema ni mafundisho ya kumfunga mwanamke. Wengine wasema mama alimpa bintiye akili ya kuishi katika ulimwengu uliowekwa mikononi mwa wanaume. Na wako wanaosikia kicheko kidogo ndani ya mashairi yale. Sisi hatutawahukumu. Twasema tu kwamba mashindano yao yanafanana sana na mashindano ambayo msomaji mmoja huyafanya na nafsi yake, akiusoma utenzi ule akiwa mwari, kisha mama, kisha bibi mwenye wajukuu.

Liko jambo jingine ambalo vijana waliosoma kwa herufi za Kirumi hawalijui. Utenzi ule, kama tenzi zote za zamani za pwani, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo ni nzuri kwa Kiarabu, lakini sauti za Kiswahili hazikuenea zote humo. Kiarabu hakina "p" wala "ch" wala "v". Na alama moja hutumika kwa "i" na kwa "e", na nyingine moja kwa "u" na kwa "o". Kwa hiyo mtu aliyeipata hati ya utenzi asiyepata kuusikia hata siku moja alitatizika, akikisia neno baada ya neno. Aliyekwisha kuusikia ukiimbwa tangu utoto alisoma bila kusita. Maana yake ni kwamba kwa wazee wetu wa pwani kusoma utenzi kulikuwa kuurudia, hata mara ya kwanza ya kuishika karatasi.

Na karatasi yenyewe haikuwa na maisha marefu. Hewa ya visiwani ina chumvi na unyevu, na wadudu hawachagui kati ya utenzi wa Mwana Kupona na risiti ya duka. Hati isiyonakiliwa kwa muda wa kizazi kimoja au viwili ilikuwa katika hatari ya kupotea, na nyingi zimepotea. Zilizotufikia zimetufikia kwa kazi ya mikono ya watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mchonga mbao, na mwandishi wa khati nzuri mno. Alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walizipata hati kwake. Werner na Hichens waliutoa utenzi wa Mwana Kupona katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1934. Hati nyingi za mkono wa Kijuma ziko London katika maktaba ya chuo kiitwacho SOAS, na siku hizi picha za baadhi ya hati hizo zaweza kutazamwa kwa intaneti. Ni ajabu kidogo kwamba mtu wa Lamu ahitaji kutazama London ili aone khati ya jirani ya babu yake; lakini afadhali hivyo kuliko kuliwa na wadudu.

Tumesema kwamba kitabu kimoja huwa vitabu vingi kwa msomaji mmoja. Hutokea pia kwamba kitabu kimoja kiwafikie watu wawili walio mbalimbali katika saa ngumu ya maisha yao, na kila mmoja aone lake. Mfano tutakaoutoa ni wa kweli, nao wahusu Tanganyika na Afrika ya Kusini.

Julius Nyerere alisoma katika chuo cha Edinburgh tangu mwaka 1949 hata 1952, na fasihi ya Kiingereza ilikuwa mojawapo ya masomo yake huko. Mwaka 1963, akiwa rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, mtawala wa Rumi aliyeuawa na rafiki zake kwa kuwa waliogopa atakuwa mfalme. Wengi wangaliiacha kazi hiyo hapo, wakapokea sifa zao. Yeye aliirudia. Mwaka 1969 alitoa tafsiri ileile iliyotengenezwa upya, na hata jina, ambalo kwanza liliandikwa Julius Caezar, likawa Juliasi Kaizari, kwa matamshi ya Kiswahili hasa. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa na mchezo wa pili wa Shakespeare, habari za mfanyabiashara wa Venice na Myahudi Shylock aliyemkopesha fedha kwa sharti la kukatwa nyama ya mwili. Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akaliandika Mabepari wa Venisi, wengi, tena mabepari. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Asiyejua alichokuwa akikitazama ndani ya kitabu kile alisome jina lake tu.

Katika miaka iliyofuata, katika gereza la kisiwa cha Robben, karibu na Cape Town, alikuwako mfungwa mmoja aitwaye Sonny Venkatrathnam, mtu wa asili ya Kihindi, aliyefungwa kwa kupinga utawala wa ubaguzi. Alikuwa na kitabu kimoja kinene chenye michezo yote ya Shakespeare. Vitabu vilikuwa shida gerezani, lakini kitabu cha dini kiliruhusiwa. Basi akawaambia askari kwamba hicho ni kitabu cha dini yake, akakibandika jalada zima kwa kadi za sikukuu ya Diwali zenye picha za miungu ya Kihindu, na askari wakakiacha. Kabla ya kufunguliwa kwake alikipitisha kwa wafungwa wenziwe, akamwomba kila mmoja atie sahihi yake kando ya maneno ayapendayo kuliko mengine. Zaidi ya watu thelathini walitia sahihi.

Nelson Mandela aliandika jina lake tarehe 16 Desemba 1977. Katika kitabu kizima chenye michezo zaidi ya thelathini alichagua mahali pamoja katika Julius Caesar, pale Kaizari amjibupo mkewe anayemsihi asitoke nyumbani siku ile, na asema juu ya mauti na juu ya kuyaogopa. Walter Sisulu alichagua Venice, pale Shylock aelezapo namna alivyozoea kuyavumilia matukano ya watu waliomdharau kwa sababu ya kabila lake.

Michezo ni ileile miwili aliyoifasiri Nyerere. Hakuna aliyewapatanisha. Mtu mwenye nchi ya kuongoza alikisoma kisa cha Kaizari akiwaza juu ya madaraka, na juu ya watu walio karibu na mwenye madaraka. Mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha alikisoma akiwaza juu ya hofu na namna ya kuishi nayo. Mmoja aliingia Venice akawaona matajiri. Mwingine akaingia akamwona mtu anayetemewa mate, ambaye kwa kawaida wasomaji humhesabu kuwa mwovu wa hadithi. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekufa zaidi ya miaka 350, wala hakupata kuiona Afrika.

Twaulizwa mara kwa mara na wasomaji wa vijijini: mtu atajuaje ni kitabu gani cha kukiweka, naye hana fedha za kununua vingi? Hatuwezi kumchagulia mtu kitabu, kama tusivyoweza kumchagulia rafiki. Alama moja tunaijua: kitabu kilichokukera mahali fulani, ukakifunga, kisha ukajikuta shambani jioni bado unajibizana nacho, hicho usikiuze. Kinachopendeza tangu mwanzo hata mwisho bila ya neno hata moja la kukwaruza, mara nyingi ndicho kiishacho upesi. Wala kisiwe kinene. Utenzi wa Mwana Kupona waweza kusomwa wote kabla chungu cha maharagwe hakijaiva.

Baadhi ya watu huandika tarehe katika karatasi ya mwisho kila wamalizapo kukisoma, na neno moja au mawili juu ya walilolipenda mara ile. Desturi hiyo ni njema, ikiwa kitabu ni chako. Baada ya miaka ishirini utaona hati zako mwenyewe zinapingana, na hilo nalo ni somo la kusoma. Kitabu cha kuazima kisiandikwe hata nukta.

Kusoma kwa sauti pia kwafaa, hasa jioni penye watoto na wazee. Mtu asomaye kimya huweza kuruka mistari anayodhani anaijua. Asomaye kwa sauti hawezi, maana yule mzee aliyekaa pembeni akiwa amefumba macho atamkumbusha. Na katika nyumba nyingi zisizo na kitabu zaidi ya kimoja, hivyo ndivyo watoto walivyoyapata maneno yake kabla hawajazijua herufi.

Kuhusu utunzaji tutasema machache. Kitabu kisiwekwe chini, kwa ajili ya mchwa, wala kisiegemezwe ukutani, maana ukuta hutoa unyevu wakati wa masika. Kifungwe karatasi ngumu juu ya jalada. Kisikae juani, kwa kuwa jua hukausha gundi ya mgongoni na kurasa hutoka moja moja. Kila baada ya wiki chache kifunguliwe, kipate hewa, wadudu wafukuzwe. Lakini mwenye kukisoma kweli hana haja ya kukumbushwa hilo. Ukimwazima mtu, andika jina lake na siku mahali utakapopaona, hata kama ni ndugu yako, na hasa kama ni ndugu yako.

Na ukurasa ukipotea, kitabu kisitupwe. Mtafute mtu mwenye kitabu kilekile, mtarafa yoyote atakayokuwapo, uketi kwake uunakili ukurasa ule kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa wino usioyeyuka upesi majini. Ikate karatasi yako iwe sawa na nyingine, kisha uishone mahali pake kwa sindano na uzi. Usiibandike kwa gundi ya unga, maana harufu yake huwaita mende.